Nilitangaza chanjo kwa spika vijiji vizima, nyumbani nikamkataza mama yangu

Wakuu, habari za saa hizi.

Hii ID nimeifungua jana kwa ajili ya uzi huu tu, kwa hiyo msihangaike kutafuta post zangu za nyuma. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijayaokota kijiweni. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wapo na simu wanazo.

Najua kuna watakaonitukana. Matusi nitayasoma yote.

Mimi ni mtu wa matangazo, makazi yangu Masasi mjini. Nina pikipiki, nyuma nimefunga spika mbili za honi, betri na amplifaya, maiki naishika mkononi. Mnada wa korosho, mechi za kata, mtoto aliyepotea, msiba, yote napiga mimi. Kama umewahi kulala gesti Masasi ukaamshwa asubuhi na mtu anayetangaza dawa ya kunguni, huenda ndiye mimi, samahani sana.

Nikipanda Newala nachapa Kimakonde, maana kwetu ni Mnyambe. Ndiyo sababu mwaka ule chanjo ya korona ilipofika, watu wa afya walinitafuta mimi. Walitaka mtu ambaye wazee wakisikia sauti yake wanajua huyu ni mtoto wa nani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mimi natangulia na pikipiki nazunguka kijiji kizima, wao wanakuja nyuma na gari na mabegi ya baridi ya kutunzia dawa, wanakaa zahanati au ofisi ya kijiji. Kiongozi wao alikuwa muuguzi mmoja mama mtu mzima, nitamwita Sista Rehema. Asubuhi ya kwanza alinikalisha akaniambia niseme nini. Kwamba kwanza tunawataka wazee, wenye pumu, wenye kisukari na wenye presha. Kwamba hao ndio ugonjwa ukiwakuta unawazidi, na chanjo ni ya kuwapunguzia hatari hiyo.

Nikalishika lile somo vizuri kabisa. Mimi kushika maneno ndiyo kazi yangu.

Sasa niwaambie kuhusu mama yangu, nimwite Mama Saidi. Umri wake sitini na kitu, na pumu anayo tangu nimepata akili. Kwa ambao hamjui kwetu: miezi ya katikati ya mwaka mikorosho inapulizwa salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Wanapuliza alfajiri umande ukiwa bado, na vumbi lake linaingia mpaka chumbani. Macho yanawasha, watu wanakohoa kijiji kizima. Mama msimu huo huwa anafunga madirisha na kukaa ndani mpaka jua lipande.

Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa Mnyambe kwenyewe.

Nilipofika karibu na nyumbani nikamkuta mama yupo barabarani. Kajifunga khanga mpya, kitambulisho kakifunga kwenye pindo. Amesimama peke yake ananisubiri, na usoni anaonekana ana fahari na mwanawe.

Nikazima spika.

Akasema, "Nimekusikia toka kule msikitini. Umesema wenye pumu waanze. Si ndiyo mimi?"

Nikamwambia arudi ndani. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Mama, yale ni maneno ya kazi. Wewe kifua chako hakiwezi ile sindano."

Wakuu, mnaujua ule wakati. Mara kujifukiza nyungu, mara tangawizi, mara malimao. Kwenye group letu la madereva boda pale stendi ya Masasi zilikuwa zinaingia klipu kila saa. Moja ilikuwa ya mtu aliyevaa koti jeupe, anasema mwenye pumu akichanjwa kifua kinafunga siku hiyo hiyo. Sikumjua yule mtu ni nani wala yuko nchi gani. Koti tu lilinitosha.

Na Sista Rehema alikuwa hatua mia mbili kutoka pale tuliposimama. Ningeweza kumshika mama mkono nikampeleka, nikasema, Sista, huyu ana pumu, nina wasiwasi. Sikufanya hivyo. Niliona aibu. Mtangazaji wa chanjo anaanzaje kumuuliza muuguzi kama chanjo inaua?

Mama alinitazama kidogo, akasema sawa baba, akarudi ndani. Hakubishana. Mimi ndiye mtoto wake niliyefika sekondari, na akiwa na barua yoyote ananisubiri mimi niisome.

Mimi nikawasha spika nikaendelea.

Kesho yake tulikuwa kijiji cha jirani. Watu wachache, wamekaa mbali wanatuangalia tu. Mama mmoja akanipigia kelele kutoka kibarazani, mama yako mwenyewe kachanjwa? Watu wakacheka.

Nikajibu kwenye maiki, sauti ikaenda kijiji kizima, "Mama yangu mzazi nimempeleka mimi mwenyewe Newala mjini, kachanjwa, na leo yupo anatwanga."

Ilitoka yenyewe. Nimezoea jukwaa, mtu akinirushia neno narudisha hapo hapo.

Na ikafanya kazi. Mpaka saa saba watu walikuwa wamepanga foleni. Sista Rehema alifurahi mpaka akanigawia nusu ya wali wake. Nikaona basi, kumbe nimepata maneno. Vijiji vilivyofuata nikawa naanza nayo: mama yangu kachanjwa, na wewe mlete wako.

Maneno hayo yalifika Mnyambe kabla yangu. Mama akaanza kupewa hongera. Angeweza kukana. Alinipigia simu akaniuliza, "Saidi, umesema nimechanjwa?" Nikamwomba asiniharibie kazi. Akasema sawa.

Kwa hiyo mama yangu, mtu wa swala tano, akaanza kudanganya watu kwa ajili yangu. Jirani yetu Bi Somoe, rafiki yake wa tangu unyagoni, akamuuliza sindano inauma? Mama akamwambia inauma kidogo tu. Bi Somoe akaenda kuchanjwa siku timu iliporudi pale zahanati. Mume wake, Mzee Bakari, siku hiyo alikuwa shambani anamalizia kupuliza salfa, akasema atachanjwa awamu inayofuata.

Huyu Mzee Bakari mkumbukeni. Alikuwa mpulizaji wa salfa wa miaka mingi, mashine mgongoni, leso tu puani. Kifua chake kilikuwa kibovu siku nyingi. Mimi nimekua mbele ya macho yake, baba yangu alipofariki yeye ndiye aliyenifundisha kupogolea mikorosho.

Hazikupita wiki nyingi mama akaanza kukohoa.

Alinipigia simu. Nikamuuliza kama kuna mtu anapuliza karibu, akasema ndiyo, shamba la nyuma. Nikamwambia basi ni salfa hiyo, funga madirisha, kunywa chai ya tangawizi.

Siku ya pili ni salfa. Siku ya tatu ni salfa. Ukikohoa msimu ule kwetu hakuna anayeshtuka, kila nyumba kuna anayekohoa, na jibu ni moja. Siku ya nne alinipigia Mzee Bakari akaniambia, mama yako anaongea neno moja anapumzika, hiyo si salfa, panda uje.

Nilimkuta amekaa kitandani kashika ukingo, mabega yanapanda na kushuka. Kituo cha afya wakatupa rufaa hapo hapo. Tukateremka mpaka Masasi, tukaunganisha Ndanda kwenye hospitali ya misheni. Bi Somoe alikuwa nasi kwenye gari, kampakata kichwa njia nzima. Mimi nimekaa mbele na dereva kwa sababu sikuweza kumtazama.

Wakamwekea oksijeni. Nesi akaanza kujaza karatasi: umri, pumu tangu lini, dawa anazotumia. Halafu akauliza kama amechanjwa korona.

Mama ana barakoa ya hewa usoni, hawezi kusema. Bi Somoe yupo pembeni yangu. Na huyo nesi ananikumbuka sauti, ameniuliza si wewe wa matangazo?

Nikasema ndiyo, kachanjwa.

Mama akafumba macho.

Wakuu, nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini hilo ndilo linalonirudia nikiwa naswaki, nikiwa naendesha, nikiwa nakula. Mama yangu anatafuta hewa, na mimi najali nitaonekanaje mbele ya nesi.

Bi Somoe alirudi Mnyambe kesho yake. Na kitu alichorudi nacho ni hiki: Mama Saidi alichanjwa, na bado yupo kwenye mtungi wa oksijeni. Hakusema kwa ubaya. Alisema alichokiona, na alichokisikia kutoka kinywani mwangu.

Awamu ya pili ikafika mama akiwa bado wodini. Dada yangu alikuwa anamhudumia, nikaenda kazini. Mnyambe nilizunguka kijiji mara tatu, watu wananipungia mkono tu. Waliokuja zahanati walikuwa wazee saba. Mzee Bakari alikuwa mmoja wao, kavaa kanzu, kakaa mwanzo wa benchi.

Kabla hajaandikwa jina aliniita. Nikasogea, maiki mkononi, spika inanguruma kidogo.

"Saidi mwanangu," alisema, "hawa siwajui, nakuuliza wewe. Mama yako alichanjwa?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Hakukuwa na kitu kinachonizuia. Neno moja tu, hapana.

"Alichanjwa, mzee."

"Na yupo Ndanda kwenye mtungi."

"Yupo."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema basi yeye atabaki na kifua chake kilivyo, akanyanyuka. Na mimi, badala ya kumshika kanzu, nikamwambia kila mwili na wake, mzee. Nakumbuka kabisa. Kila mwili na wake.

Wale sita waliobaki wakanyanyuka nyuma yake.

Sista Rehema alijaribu. Aliwafuata mpaka nje akawaeleza kwamba aliyechanjwa anaweza kuugua, lakini wengi hawafiki kwenye kuzidiwa, na kwamba mwenye kifua kibovu ndiye anayeihitaji zaidi. Alisema vizuri sana, lakini alikuwa anashindana na mama yangu. Aliporudi ndani akaniuliza, Saidi, mama alichanjiwa wapi, nifuatilie kumbukumbu zake? Nikamwambia nitaitafuta kadi.

Mzee Bakari alianza kuumwa kama wiki tatu baadaye. Bi Somoe naye alikohoa siku hizo hizo, akalala siku mbili, akanyanyuka akaendelea kumuuguza mumewe. Mzee hakufika Ndanda. Alifia Newala mchana, foleni ya wagonjwa ikiwa ndefu.

Siwezi kuapa kwamba angechanjwa angepona. Sista Rehema mwenyewe aliniambia hakuna anayeweza kuapa hivyo. Najua tu kwamba alikuja akiwa amevaa kanzu yake, akakaa kwenye benchi, na mimi ndiye niliyemnyanyua.

Familia yake ilinipigia simu nikatangaze msiba. Nilitangaza. Nilipita Mnyambe na vijiji vyote vya jirani nasema Mzee Bakari amefariki, mazishi ni leo baada ya alasiri. Watu wakaniambia nimefanya jambo la heshima.

Mama aliruhusiwa wiki iliyofuata. Alikuwa amekonda, kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara moja. Tulikuwa tumemficha habari ya Mzee Bakari. Alipoambiwa hakulia kwanza. Aliniuliza kitu kimoja, kama mzee alichanjwa. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, benchi, maiki, kila kitu, kwa mara ya kwanza namweleza mtu.

Mama akasema, "Nipe mkono, twende kwa mwenzangu."

Bi Somoe alikuwa eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanaume kama mimi siwezi kuingia kukaa naye. Mama akaingia. Mimi nikasimama nje ya mlango, katikati kuna pazia. Kwa hiyo nilisema maneno yote nikiongea na kitambaa cha maua, simwoni uso.

Nilisema mama hakuchanjwa. Nilisema nilidanganya kwenye spika, nikadanganya Ndanda, nikamdanganya mzee.

Nasikia mama anapumua tu. Halafu sauti ya Bi Somoe ikauliza, "Alipokuuliza, ulikuwa umeshika ile maiki?"

Nikasema ndiyo.

"Basi chukua hiyo hiyo uwaambie na wale sita. Hao bado hawajafa."

Mama akatoka, tukarudi nyumbani.

Niliwasha pikipiki kesho yake asubuhi. Sijawahi kuogopa maiki maishani, siku hiyo niliiogopa. Nilipita Mnyambe yote polepole, kwa Kimakonde, nikitaja jina langu na la marehemu baba yangu. Nilisema mama yangu hakuchanjwa, mimi ndiye niliyemkataza. Nikasema aliyeugua mkamwona ni mtu ambaye hakuchanjwa, na Bi Somoe aliyechanjwa mmemwona yuko mzima. Watu walitoka nje wakasimama. Hakuna aliyenirushia jiwe wala kunitukana, na nadhani ningependa wangefanya hivyo. Kuna mzee mmoja alinigeuzia mgongo akaingia ndani.

Nilimpigia Sista Rehema pia. Nilitegemea atanifokea. Aliniambia, "Tumekula pamoja wiki nzima, Saidi. Ungeniuliza tu." Halafu akanieleza kwa utulivu kwamba pumu ndiyo sababu ya mama kuchanjwa, na kwamba kama nina hofu wanamkalisha pale wanamwangalia kabla hajaondoka. Maelezo ya dakika mbili, wakuu. Nilikuwa nakula wali wake.

Timu iliporudi mama alikuwa wa kwanza, nilimbeba kwenye pikipiki bila spika. Kati ya wale sita walikuja wanne. Wawili mpaka leo hawataki kusikia, na siwalaumu, maana aliyewafanya wasituamini ni mimi.

Na mimi nimechanjwa, kabla hamjaniuliza. Siku ile ile, baada ya mama.

Mama yupo. Shamba ndiyo basi, hata kubangua korosho moshi unamshinda. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Ila barua zake sasa anampelekea mwalimu wa shule asome, na mimi nikija nakuta zimeshajibiwa.

Nilichojifunza sina maneno makubwa ya kukipamba. Ukiwa na mzazi mwenye pumu, kisukari, au amezeeka tu, na ikatangazwa chanjo ya kifua, iwe hii au nyingine itakayokuja, mpeleke kwa anayechoma sindano, umweleze hofu yako mzazi mwenyewe akisikia. Usimwamulie kwa klipu. Na kama unawaambia watu wengine jambo, halafu nyumbani kwako unasema jingine, jua kuna mtu atafuata lile la uongo mpaka mwisho.

Komenti zipo wazi. Wahudumu wa afya mliopo humu, kama kuna mahali nimekosea kuhusu chanjo nisahihisheni, sitaki tena kuwa chanzo cha maneno ya uongo. Na wenye kisa kama changu semeni, hata kwa ID mpya kama mimi.

Ila kuna moja nataka mnishauri, hasa watu wa huku kwetu, mnajua uzito wake.

Bi Somoe alishamaliza eda zamani. Nikipanda Mnyambe tunakutana kisimani, dukani, kwenye misiba ya watu. Kila nikimwona nainama, namwambia shikamoo mama. Anaitikia salamu za watoto wadogo, anaitikia za wapita njia. Yangu haitikii. Ananitazama, anapita. Mama anasema niendelee kumwamkia hivyo hivyo mpaka mmoja wetu afe. Dada yangu anasema kila nikimwamkia namkumbusha siku ile ya benchi, nimpishe njia.

Niendelee au nimwache? Nauliza kweli, wakuu. Ijumaa nakwenda tena Mnyambe.